Maswali ya Wasomaji: Nyanya za miezi ya baridi

*Nilijenga kitalu nyumba (banda la nailoni la kukuzia mimea) cha mita 8 kwa 15 kwa nguzo za miti ili nipate nyanya Juni hadi Agosti. Nailoni imechanika kabla ya mwaka, na maua yanapukutika. Nimekosea wapi? – Msomaji, Njombe*

Tazama kwanza palipochanika. Ikiwa ni juu ya nguzo na kenchi, mti ndio ulioila nailoni: hapo hupata joto kali na kusuguliwa na upepo. Randa vifundo, paka rangi nyeupe sehemu zote zitakazogusa nailoni, na oili chafu ya kuzuia mchwa iishie chini ardhini tu, maana nayo huiozesha. Usipigilie misumari moja kwa moja. Ikunje nailoni mara mbili, iweke papi (ubao mwembamba) juu, ndipo upigilie. Ivute asubuhi tulivu yenye jua. Ukiivuta kwenye baridi italegea mchana, na nailoni inayopigapiga haidumu.

Ikiwa imepasuka kila mahali, basi ulinunua ya ujenzi. Dai ya kitalu, unene wa maikroni 200, yenye kinga ya mionzi ya jua.

Maua ni suala jingine, na wengi hulaumu baridi peke yake. Ukifunga mapazia ya pembeni kutwa nzima, saa nane mchana joto ndani laweza kupita nyuzi 35, na chavua, yaani unga wa maua, hufa. Ning'iniza kipimajoto kivulini, usawa wa maua. Fungua saa tatu asubuhi, funga saa kumi jioni, ili udongo ubaki na joto la kuufikisha usiku. Nailoni ya tabaka moja haizuii baridi nyingi. Tena, ndani hamna upepo: gongagonga kamba za mimea kila siku kati ya saa nne na saa sita ili chavua idondoke. Mwagilia asubuhi. Maji ya jioni hugeuka matone darini, yakidondokea majani ukungu unaingia.

*Ndani ya kitalu nyumba bado nipige dawa? – Msomaji, Lushoto*

Bakajani, ugonjwa wa mabaka kwenye majani, hupungua kwa kuwa mvua haigusi majani, lakini usiache kukagua. Mnyauko bakteria haujali nailoni, unakaa udongoni. Mmea ukinyauka ukiwa kijani, kata shina, litumbukize kwenye glasi ya maji safi. Zikitoka nyuzi nyeupe kama maziwa, ndio huo. Dawa ya kuuponya haipo. Ng'oa, choma, na hapo usirudishe nyanya, hoho, bilinganya wala viazi mviringo. Ukishikilia kupanda nyanya hapo hapo, panda kwenye mifuko ya udongo safi usiogusana na ardhi hiyo.