Mama anamtaka Dolly, bwana anataka Memphis, na siku ni 5 tu

SWALI: Habari za kazi hapo. Mamangu anakuja Oktoba kunitembelea hapa Columbus, Ohio, na yeye ni mtu wa kantri kabisaa, Jumapili akitoka kanisani ni Jim Reeves na Dolly Parton mpaka jioni, sisi watoto hizo nyimbo tumezijua kwa lazima. Nataka nimpeleke Tennessee kwa gari. Sasa bwanangu anasema Tennessee bila Memphis hiyo si safari, yeye ni mtu wa soul na historia ya Martin Luther King, na mama naye wenzake wa kanisa wamemwambia aende Dollywood amwone Dolly akiimba. Tuna Alhamisi mpaka Jumatatu. Mama ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na baa haingii hata umlipe. Tuanzie wapi? – Binti wa Mama, Columbus

JIBU: Dada, hiyo ndoto ya Dollywood mtoe mama mapema, ikiwezekana kabla hajapanda ndege. Dollywood ni bustani ya michezo huko Pigeon Forge, mashariki kabisa karibu na milima ya Smoky, imebeba jina la Dolly tangu 1986 na ni pazuri, lakini Dolly mwenyewe hakai pale akiimba kila siku, kumwona ni bahati tu, halafu kuna vilima na kutembea kwingi, magoti yatalia. Na angalia ramani: Memphis iko magharibi kwenye mto Mississippi, Pigeon Forge iko upande wa pili, kutoka Nashville katikati ni kama saa 3 kwenda Memphis na zaidi ya 3 kwenda Pigeon Forge. Ukitaka zote kwa siku 5 mama ataijua Tennessee kwa dirisha la gari tu. Mimi nampa bwana Memphis, na mama anapata Nashville.

Kabla ya hoteli, kabla ya kitu chochote, nunua tiketi za Grand Ole Opry ya hapo Nashville za Ijumaa usiku, manake hiyo ndiyo safari yenyewe na mengine yote yatajipanga kuizunguka. Ni shoo ya redio iliyoanza 1925 na bado inarushwa laivu na stesheni ya WSM, kwa hiyo mtangazaji anasimama pembeni anasoma matangazo ya biashara katikati ya shoo, na wasanii wanaingia mmoja baada ya mwingine, nyimbo mbili tatu, anatoka, anaingia mwingine, babu wa miaka 80 anafuatwa na kijana ambaye hujawahi kumsikia. Orodha ya wasanii hutoka kidogo kidogo siku zikikaribia, usiingoje ikamilike, nunua tu. Mwambie mama aangalie katikati ya jukwaa, kuna duara la mbao rangi tofauti, lilikatwa kwenye jukwaa la Ryman, ukumbi wao wa zamani, walipohama 1974, na Jim Reeves aliyejiunga na Opry 1955 aliimbia Ryman, sasa hapo nakuachia wewe umwambie mwenyewe, beba kitambaa cha machozi.

Ryman yenyewe mwendeni Ijumaa asubuhi. Ilijengwa kama jumba la injili, ikafunguliwa 1892, mpaka leo watu wanakaa kwenye mabenchi marefu ya kanisa, mama hatakuwa na neno. Halafu RCA Studio B ambako Jim Reeves alirekodi, ila tiketi zake hazinunuliwi mlangoni pale, unazipata kupitia jumba la makumbusho la Country Music Hall of Fame na mnapelekwa kwa basi. Nguvu zikibaki, mkabala na Ryman kuna makumbusho ya muziki wa Waamerika weusi, yalifunguliwa 2021, hapo bwana atatulia. Na mkumbushe bwana kuwa kantri nayo ina watu weusi tangu mwanzo: DeFord Bailey alikuwa nyota wa Opry miaka ile ya 20, mtu mweusi na harmonika yake, alikuwa anaigiza gari moshi mpaka unasikia magurudumu, wakaja kumwachisha 1941 akawa anang'arisha viatu vya watu mjini humo humo, na kuingizwa kwenye Hall of Fame ni 2005, ameshafariki zamani. Inaudhi.

Hoteli msitafute katikati ya mji, wikendi bei ni za kichaa na kupaki ni pesa nyingine. Tafuteni upande wa uwanja wa ndege au karibu na Opry yenyewe. Kila bei mtakayoona, chakula au fulana ya mama, ongeza kodi ya karibu dola 10 kwa kila 100. Na saa! Nashville na Memphis wako nyuma ya Ohio kwa saa 1.

Jumamosi mnashika barabara kuu ya I-40 taratibu kwenda Memphis, mfike kabla ya saa kumi na moja jioni hoteli ya Peabody, hata kama hamlali hapo. Saa hiyo bata wanatoka kwenye chemchemi ya ukumbini, wanatembea kwenye zulia jekundu na muziki wa bendi unapigwa, wanaingia lifti wanapanda kwao juu ya paa. Bure. Najua inasikika ujinga, mpelekeni tu. Beale Street, mtaa wa baa na muziki, pita mchana, usiku imekuwa ya vijana na ulevi.

Jumapili kanisani kwa Al Green, Full Gospel Tabernacle, yule yule wa soul ambaye amekuwa mchungaji hapo tangu 1976. Wageni wanakaribishwa, ila pigeni simu muulize ibada ni saa ngapi na msimwahidi mtu kuwa mchungaji mwenyewe atakuwepo. Ni ibada, si shoo, sadaka itoeni. Baadaye Lorraine Motel, alikouawa King tarehe 4 Aprili 1968, sasa ni makumbusho. Mama akichoka akae nje, ile roshani yenye shada la maua inaonekana kutoka uani bila tiketi. Jioni rudini Nashville mlale, Jumapili hoteli hushuka bei, Jumatatu ni kama saa 6 mpaka Columbus na hakuna aliyeendesha siku nzima.

SWALI: Nasikia baa za mtaa wa Broadway pale Nashville muziki ni bure kuanzia asubuhi, kweli? Kuna ujanja gani hapo? – Kaka wa Louisville

JIBU: Kweli, nyingi huna kiingilio, na bendi inaishi kwa tipu. Ndoo itapitishwa, weka chochote, na ukitaka wimbo wako upigwe andika kwenye karatasi uiviringe ndani ya noti, dola 20 inasikika vizuri kuliko 5. Nenda mchana wa katikati ya wiki, usiku wa Jumamosi utasukumwa na maharusi watarajiwa na marafiki zao wa kike waliovaa kofia za pinki.