Petro na moto wa makaa

Ndugu yangu, umeuliza kama aliyeanguka dhambi ileile mara nyingi bado anapokelewa. Anapokelewa, na nakuomba usikae mbali kwa aibu.

Mtazame Petro, mwanafunzi wa Yesu. Alimkana Bwana mara 3 akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Baada ya ufufuo anamkuta Yesu ufuoni, makaa yanawaka tena, samaki juu yake, na mkate. (Sehemu hii hunitoa machozi kila nikiisoma, Yohana 21.) Hakukaripiwa. Alilishwa kwanza, kisha akaulizwa mara 3, “Wanipenda?”, na akakabidhiwa kondoo, yaani wafuasi wa Yesu, awachunge. Nawe pia huhitaji kujistahilisha kwanza: matendo mema yanafuata wokovu, hayaununui. Soma Waefeso 2:8-10 taratibu. Ungama leo, hivyohivyo ulivyo.