Kaunti imepandisha thamani ya nyumba: pingamizi linawekwaje Texas?

SWALI: Wahariri, salaam. Mimi na mume wangu tulinunua nyumba hapa Houston Novemba mwaka jana kwa dola 271,000. Sasa imekuja notisi ya kaunti inayosema thamani yake ni dola 309,000. Aliyetuuzia alikuwa akihesabiwa dola 224,000 tu. Shemeji yangu anasema Texas hawaruhusiwi kupandisha zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Je, tumeonewa? Na tukilalamika, si watatupandishia zaidi?
— Msomaji, Houston

JIBU: Dada, shemeji yako amesema kweli, ila hajamaliza. Kikomo cha asilimia 10 kipo, lakini kinamlinda mwenye nyumba anayeishi humo na aliyekwisha kupewa msamaha wa nyumba ya makazi (homestead exemption), yaani punguzo la kodi kwa mwenye nyumba anayeishi humo. Tena huanza Januari 1 ya mwaka unaofuata mwaka wa kwanza wa msamaha huo. Aliyewauzia alikuwa na kikomo chake, na baada ya kuuza kikaisha Januari 1 iliyofuata. Kwa hiyo ile 224,000 iacheni kabisa, haitawasaidia mezani. Namba yenu ni 271,000.

Kabla ya yote, je, mmeomba msamaha wenyewe? Fomu ni namba 50-114. Tangu mwaka wa kodi 2025 msamaha huo unaondoa dola 140,000 kwenye thamani inayotozwa kodi ya shule, ambayo kwa kawaida ndiyo sehemu kubwa ya bili. Leseni ya udereva au kitambulisho cha Texas lazima kiwe na anwani ya nyumba hiyohiyo, na hapo ndipo maombi mengi hukwama. Kuomba ni bure. Barua zinazowataka mlipe ili muombewe, zitupeni.

Sasa pingamizi. Mwisho ni Mei 15, au siku 30 tangu notisi ilipotumwa, ikiwa tarehe hiyo inakuja baadaye. Kwa Harris, kaunti yenu ya Houston, notisi ina namba ya iFile ya kuwasilishia pingamizi kwenye tovuti. Kaunti yoyote inapokea pia fomu 50-132. Wekeni alama kwenye sababu mbili: kwamba thamani ya soko imekosewa, na kwamba nyumba yenu imethaminiwa juu kuliko nyingine zinazofanana nayo. Mkiweka moja tu, ile nyingine mnaweza kuzuiwa kuizungumzia. Hakuna ada. Na hofu yenu ya kupandishiwa iondoeni: bodi ya mapitio, inayosikiliza pingamizi kwenye kikao, hairuhusiwi kupanga thamani iliyo juu ya ile iliyoletewa na ofisi ya uthamini, yaani ile iliyopanga thamani ya kwenye notisi.

Ushahidi ndio kazi yenyewe. Kinachobishaniwa ni thamani ya Januari 1 ya mwaka huu, nyumba ikiwa katika hali ya siku ile. Paa lililovuja Machi halihesabiwi. Ufa wa msingi uliokuwepo Desemba unahesabiwa. Karatasi yenu yenye nguvu kuliko zote ni hesabu ya mwisho ya mauziano mliyosaini siku ya kukabidhiwa nyumba, kwa kuwa inaonyesha bei halisi wiki chache kabla ya tarehe hiyo. Ongezeni ripoti ya mkaguzi wa nyumba mliyopewa wakati wa kununua. Kama kuna matengenezo makubwa, chukueni makisio ya fundi yenye jina la kampuni, tarehe na bei, pamoja na picha. Picha bila bei haimsaidii mjumbe kuamua apunguze kiasi gani.

Kisha fungueni rekodi ya nyumba yenu kwenye tovuti ya ofisi ya uthamini, msome mstari kwa mstari: futi za mraba, idadi ya bafu, mwaka wa kujengwa, gereji. Futi 200 zilizozidishwa ni kosa linalorekebishwa bila mabishano ukileta vipimo.

Bei za mauzo Texas haziwekwi hadharani, basi mwombeni dalali aliyewahudumia awape orodha ya nyumba tano hadi kumi za mtaa wenu, zenye ukubwa na umri unaokaribiana na yenu, zilizouzwa karibu na Januari. Kwa ile sababu ya pili hamhitaji mauzo: chukueni thamani ambazo ofisi yenyewe imeziandika kwa nyumba zinazofanana, rekebisheni tofauti za ukubwa na hali, zipangeni kutoka ndogo hadi kubwa, mwangalie iliyo katikati.

Ombeni pia kwa maandishi ushahidi ambao ofisi itautumia dhidi yenu. Wanatakiwa kuwapa angalau siku 14 kabla ya kikao, na wasichowapa hawawezi kukitumia. Usomeni kwa makini. Mara nyingi mtakuta nyumba iliyokarabatiwa jikoni na bafuni imelinganishwa na yenu ambayo haijaguswa.

Kabla ya kikao mthamini anaweza kutoa pendekezo. Mkilikubali, mwaka huo umefungwa, hakuna kurudi. Pigeni hesabu kwanza: kama viwango vyenu kwa jumla ni dola 2 kwa kila dola 100, kila dola 10,000 zinazopunguzwa ni dola 200 za kodi. Akiwapa 298,000 huku mna karatasi ya 271,000, msikubali.

Kikao chenyewe ni kifupi. Pelekeni nakala tano, maana wajumbe kwa kawaida ni watatu, na mthamini naye anahitaji yake. Anzeni na namba mnayoitaka, halafu karatasi inayoithibitisha. Msiseme kodi ni nzito au mshahara haujapanda. Ni kweli na tunawaelewa, lakini bodi haina mamlaka juu ya viwango vya kodi, na dakika zenu zitapotea. Mkiwa kazini siku hiyo, mna haki ya kuahirisha mara moja bila kutoa sababu, ilimradi hamjamteua wakala. Mkitaka kushiriki kikao kwa simu, ombeni kwa maandishi angalau siku 10 kabla, na ushahidi uambatane na hati ya kiapo.

Msiporidhika, mna siku 60 tangu kupokea uamuzi za kwenda mahakamani au kwa msuluhishi. Kwa nyumba ya makazi isiyozidi dola 500,000 amana ya usuluhishi ni dola 450. Sehemu ya kodi msiyoibishia ilipeni kabla ya Februari 1, la sivyo rufaa inaweza kufutwa.

SWALI: Nilishinda pingamizi, thamani ya soko ikashuka kutoka 340,000 hadi 325,000, lakini bili haikupungua hata senti. Nini kimetokea?
— Mzee wa Fort Worth

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Tazama notisi yako: kuna thamani ya soko, na kuna thamani iliyowekewa kikomo cha asilimia 10. Unatozwa kwa ile ndogo. Kama kikomo chako kilikuwa 298,000, basi kushusha soko hadi 325,000 hakugusi bili ya mwaka huu. Ungelazimika kushuka chini ya 298,000. Na kama umetimiza miaka 65, hakikisha ofisi inayo tarehe yako ya kuzaliwa. Tangu 2025 unaongezewa msamaha wa dola 60,000 kwenye kodi ya shule.

SWALI: Mei imepita, sikuleta pingamizi. Nimechelewa kabisa?
— Msomaji, Dallas

JIBU: Karibu kabisa. Kwa nyumba ya makazi unaweza kuomba marekebisho kabla kodi haijachelewa, yaani kabla ya Februari 1, ikiwa thamani iliyoandikwa inazidi ile sahihi kwa angalau robo. Ukishinda, utalipa faini ya asilimia 10 ya kodi iliyorekebishwa. Msamaha wa makazi una muda mrefu zaidi: unaweza kuuomba hadi miaka miwili baada ya tarehe ambayo kodi ya mwaka husika ilihesabiwa kuchelewa, na ulichozidisha unarudishiwa.