Jibu: Watoto wa mlimani wanaachwa nyuma na gredi. Ni ukabila, umaskini au ni shule?

Mzazi mwenzangu, umesema watoto wanaotoka Nessuit na Mariashoni waliingia kidato cha kwanza na alama za KCPE (mtihani wa kumaliza shule ya msingi, uliofanywa mara ya mwisho 2023) sawa na wenzao wa Njoro mjini, lakini kufikia KCSE, mtihani wa kidato cha nne, wameachwa mbali. Kuna aliyekujibu kwamba hakuna mwalimu pale anayemchukia mtoto wa Mwogiek, jamii ndogo ya msitu wa Mau. Yawezekana kabisa. Ila chuki ya mtu mmoja mmoja siyo unayoitafuta.

Uingereza walibishana hivyo hivyo hadi ripoti ya Macpherson ya 1999, iliyotokana na uchunguzi wa mauaji ya kijana mweusi Stephen Lawrence, ikasema wazi kuwa ubaguzi unaweza kukaa ndani ya taratibu na mazoea ya taasisi hata kama hakuna aliyeukusudia. Katiba yetu nayo, ibara ya 27, inakataza ubaguzi wa wazi na ule usio wa moja kwa moja, na katika orodha yake imo asili ya kikabila, imo na lugha. Kwa hivyo kagua utaratibu, watu utawafikia baadaye.

Anza na mikondo. Shule nyingi hutoa mtihani wa ndani wiki za kwanza, mara nyingi Kiingereza na hisabati, kisha wanagawa madarasa kwa matokeo hayo. Mtoto aliyesoma shule ya msingi yenye walimu wachache, huku lugha ya nyumbani ikiwa ndiyo lugha ya darasani pia, ataanguka Kiingereza hata kama KCPE yake ni nzuri. Anapelekwa mkondo wa mwisho. Huko silabasi ya hisabati haimalizwi, mwalimu mwenye uzoefu amepewa mkondo wa juu, na kuhama ni nadra. Uingereza kulikuwa na mfano wa karatasi za hisabati za GCSE, mtihani wao wa sekondari: zamani mtoto aliyewekwa ngazi ya chini hangeweza kupata zaidi ya D, hata akipata kila jibu. Huku kwetu hakuna kanuni kama hiyo, lakini silabasi isiyomalizwa hufanya kazi ileile.

Ili kujua, omba rejista za kidato cha kwanza, orodha ya mikondo na matokeo ya KCSE ya darasa hilohilo. Chukua wenye alama za KCPE za karibu pekee, kwa mfano 300 hadi 349. Tuseme mlimani wako 30 na mjini 30, wastani wa mlimani ni pointi 4.6 na wa mjini 6.1. Hapo ndipo wengi hukimbilia kusema kabila. Subiri, gawanya kwa mikondo. Mkondo wa juu: mlimani 6, mjini 21, wote wastani 7, yaani C+. Mkondo wa chini: mlimani 24, mjini 9, wote wastani 4, yaani D+. Ndani ya kila mkondo hakuna pengo hata kidogo! Pengo lote limezaliwa siku ya kugawa madarasa. (Nambari hizi ni za mfano tu, weka zenu.)

Mambo matatu huharibu hesabu hii. La kwanza ni walioacha shule. KCSE haiwaonyeshi, kwa hivyo jamii inayopoteza watoto wengi inaweza kuonekana imefanya vizuri kwa sababu wamebaki wenye nguvu tu. Hesabu kutoka walioripoti kidato cha kwanza. La pili ni idadi ndogo: mkiwa na watoto 5 upande mmoja, unganisheni madarasa ya miaka mitatu au minne. La tatu ni kukisia kabila kwa jina. Majina ya Waogiek wengi hayatofautiani na ya Wakipsigis jirani zao, na Nessuit wanaishi watu wa jamii kadhaa. Tumieni shule ya msingi alikotoka mtoto. Mkitaka kuuliza kabila, mzazi akubali kwanza, kwa maana Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inalihesabu kuwa taarifa nyeti.

Umaskini usiufukie chini ya kabila, wala kabila chini ya umaskini. Linganisheni siku ambazo kila mtoto alirudishwa nyumbani kwa karo. Tazameni pia basari (msaada wa karo): tangazo likibandikwa mjini siku chache kabla ya mwisho wa kupokea fomu, wa mlimani hapati.

Na kuna vikwazo vinavyoanza kabla ya lango la shule. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Wanubi, jamii yenye asili ya Sudan, ya uraia na ya elimu zikiwemo. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa husumbuka kusajiliwa kwa mtihani, na hilo halitaonekana kwenye orodha yoyote ya gredi.

Darasa la mwisho la KCSE ni la 2027. Kwa gredi ya 10 ya mtaala mpya tumieni pointi za KJSEA, mtihani wa mwisho wa gredi ya 9, ambazo kilele chake ni 72, na badala ya mikondo tazameni nani anaelekezwa masomo ya sayansi na nani anaambiwa hayamfai.

Bodi ikikataa kutoa orodha, andika ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Wana siku 21 za kujibu. Omba idadi kwa mkondo na kwa shule ya msingi, bila majina ya watoto, ili wasipate sababu ya kukataa, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.