Kufundisha kuandaa dawa za sindano bila chumba safi: uzoefu wangu

Mkuu, umeuliza kama kuna maana ya kuwafundisha wanafunzi wa famasi kuandaa dawa za sindano na dripu kwenye meza ya kawaida, kwa kuwa chuo chenu hakina kabati la hewa safi, yaani lile linalopuliza hewa iliyochujwa kwenye sehemu ya kazi. Umeuliza pia kwa nini wanaofaulu vizuri mtihani wa kuandika wanavurunda wakishika bomba la sindano. Nimelifundisha somo hili miaka mingi, na ile ya mwanzo sikuwa na kabati. Maana ipo, tena kubwa. Cha msingi ni mwanafunzi alione kosa lake kwa macho yake mwenyewe.

Kazi yetu hii ina ugumu wa aina yake. Ukikosea hesabu ya dozi, mwenzako anaweza kuipitia akagundua. Ukigusa ncha ya bomba kwa kidole, dripu inatoka angavu kama ya jirani yako, inabandikwa lebo, inapelekwa wodini. Mwaka 2012 nchini Marekani, sindano za uti wa mgongo zilizotengenezwa na kampuni ya kuandaa dawa ya New England Compounding Center zilikuwa zimeingiwa na kuvu. Watu zaidi ya 750 waliugua katika majimbo 20, na zaidi ya 60 walifariki. Huwa nawasimulia wanafunzi habari hiyo siku ya kwanza. Wananyamaza kabisa. Ila nimeona kwamba woga peke yake haubadilishi mikono. Wiki ya pili vidole vinarudi palepale.

Kilichobadilisha mikono kwangu ni rangi. Yeyusha fluoresini kidogo kwenye maji ya vichupa vya mazoezi, waache wafanye kazi yote mpaka mwisho, kisha zima taa na umulike kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno. Matone ambayo hakuna aliyeyaona yanang'aa kwenye glovu, kwenye mkono wa koti, hata kwenye barakoa. Hapo ndipo somo la shinikizo la hewa ndani ya kichupa linaeleweka. Mwanafunzi aliyesukuma hewa nyingi mno ndani ya kichupa, akachomoa sindano, anaona manyunyu yamezunguka mpira wa kichupa. Ingekuwa dawa ya saratani, hayo yangekuwa mwilini mwake. Tangu hapo hahitaji kukumbushwa kwamba kwa dawa za namna hiyo hewa inayoingizwa iwe pungufu kidogo ya dawa anayotaka kuvuta.

Kuhusu kabati: sisi tulitumia boksi kubwa lililokatwa upande mmoja. Tulibandika utepe sentimita 15 kutoka ukingoni, kazi yote ifanyike ndani ya mstari huo. Ukutani kwa nyuma tukachora mishale kuonyesha hewa inakotoka. Boksi halisafishi chochote, na wanafunzi waambiwe hivyo waziwazi, lakini linafundisha jambo ambalo vitabu vinalipita haraka: kati ya chujio na sehemu nyeti (ncha ya bomba, sindano, mpira wa kichupa) kisipite kitu, hata kidole. Hewa ikitoka nyuma, mkono usikae nyuma ya kichupa. Ikitoka juu, mkono usipite juu yake. Fundisha yote mawili kwa kuhamisha mishale, maana aliyezoea moja hukosea akikutana na lingine. Chujio la HEPA linanasa asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3, lakini halina msaada ikiwa mkono wako ndio umesimama mbele yake.

Spiriti ya asilimia 70 na kunawa mpaka viwikoni wanavijua. Wasichokuwa nacho ni subira ya kuacha mpira wa kichupa ukauke. Hilo simamia.

Mkipata kiangulio cha maabara (kifaa cha kutunza joto ili vijidudu viote), ongezeni zoezi la maji ya virutubisho. Mwanafunzi anaandaa "dawa" kwa kutumia maji ya kukuzia bakteria badala ya dawa, kisha mnasubiri siku 14. Yakichafuka, kuna kitu kimeota. Mwanafunzi wangu mmoja aliyeongoza darasa kwenye mtihani wa kuandika alikuta mfuko wake una ukungu. Aliutazama muda mrefu, akaomba arudie zoezi siku ileile. Mimi ningekuwa na uwezo wa kununua kitu kimoja tu, ningenunua kiangulio kabla ya kabati.

Sasa kosa langu, ili usilirudie. Miaka ya mwanzo nilikuwa nakata alama kila mwanafunzi aliposema "nimegusa". Nilidhani nafundisha umakini. Siku moja niliangalia video ya zoezi na kumwona binti amegusa ubavu wa kisukumio cha bomba, akanitupia jicho, akaendelea kama hakuna kitu. Iliniuma sana, kwa sababu aliyemfundisha kuficha ni mimi. Tangu mwaka ule, anayesema "nimegusa", akatupa bomba na kuanza upya, hapotezi alama hata moja. Anayeficha anarudia zoezi zima. Vilevile niliacha kuwakatiza katikati. Nawaacha wamalize, kisha swali langu la kwanza ni "wewe umeona nini?" kabla sijasema nilichoona mimi.

Wakishazoea, walete usumbufu wa kweli: simu inaita, mwenzao anauliza dozi, karatasi ya maagizo inabadilishwa kazi ikiwa nusu. Mikono ikitoka nje ya boksi, irudi baada ya kupuliziwa spiriti tu.

Umeuliza pia waruhusiwe lini kuingia chumba safi halisi. Kanuni za USP 797 za Marekani, zinazohusu kuandaa dawa zisizo na vijidudu, zinataka mhusika avae mavazi na kugusisha ncha za vidole vya glovu kwenye sahani ya kukuzia vijidudu mara 3 mfululizo, bila kuota koloni (kundi la vijidudu) hata moja, na afaulu pia zoezi la virutubisho. Sisi tunafuata hivyo hivyo. Akishindwa hata kwenye jaribio la tatu, anaanza kuhesabu upya kutoka moja. Wengi hushindwa wakati wa kuvaa glovu, kabla hawajashika dawa yoyote, kwa hiyo anza na glovu. Mimi hutenga kipindi kizima kwa hilo tu.