Mbovu, imekufa au haitengenezeki?

SWALI: Nauza mashine ya kukoboa mahindi ambayo mota yake imeungua. Nimeibandika karatasi: "Inauzwa, mbovu." Fundi kaniambia niandike "imekufa", la sivyo nitaonekana tapeli. Tofauti yake nini? (Msomaji, Makambako)

JIBU: Fundi ana hoja, ingawa tiba yake imezidi ugonjwa. Asili ya -bovu ni kuoza, na kwa vitu vinavyooza neno hili halina huruma: kiazi kibovu kikionekana kwenye gunia kinatupwa, hakuna fundi wa viazi. Kwa vitu vya kutengenezwa limelegea. Barabara mbovu huchongwa ikapitika, simu mbovu hupelekwa kwa fundi. Mnunuzi akisoma "mbovu" atadhani ni beringi au mkanda tu. "Imeharibika" ndiyo kwanza haimwambii kitu.

"Imekufa" gereji na sokoni maana yake kifaa hakirudi, kinabadilishwa kizima: betri imekufa, gia boksi imekufa. Gari likizimika kwenye mlima Kitonga laweza kuwaka tena. Likifa injini, abiria watafute basi jingine. Ila lazima utaje kilichokufa. Ukisema mashine imekufa, umezika na fremu, mkanda na chekeche, ambavyo bado vina bei. Tena mota iliyoungua mara nyingi husukwa waya upya, kwa hiyo hata yenyewe huenda haijafa. Andika: "Inauzwa mashine ya kukoboa, mota imeungua, haijafunguliwa." Hapo kila mtu anajua ananunua nini.

SWALI: Ni "haitengenezwi", "haitengenezeki" au "haitengenezeki­kani"? (Msomaji, Tukuyu)

JIBU: La tatu liache. Mawili ya kwanza ni sahihi, lakini hayasemi jambo moja. "Haitengenezwi" ni kwamba hakuna anayeitengeneza, pengine kwa kukosa pesa au spea. "Haitengenezeki" ni kwamba kitu chenyewe kimegoma, hata uwe na pesa. Irabu ya mwisho ya mzizi ndiyo inayochagua: baada ya e au o huja -ek-, baada ya a, i au u huja -ik-. Ndiyo maana ni tengenezeka, someka, lakini rekebishika, pitika.

SWALI: Na "chakavu"? (Msomaji, Mafinga)

JIBU: Hilo ni la umri na matumizi, si la kuharibika. Basi chakavu linaweza kufika Dar es Salaam kila siku. Halichukui kiambishi: nguo chakavu, vyuma chakavu, madaftari chakavu.