Umeniuliza chakula cha haraka

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Sisi huku Wete, Pemba, hatujambo. Mama yako anakusalimu, na goti lake limepata nafuu tangu aache kupanda zile ngazi za kwa shangazi yako.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa barazani na watu, nikauzima uliposema "baba, nimechoka na chipsi mayai", maana jirani yetu alishaanza kucheka. Mara ya pili nikausikiliza chumbani peke yangu mpaka mwisho. Umeuliza mambo mawili. La kwanza: mwanamme akirudi kazini saa mbili za usiku, nyumbani hamna mtu, ana mtungi wa gesi wa kilo 6 na sufuria mbili, apike nini kisichozidi nusu saa. La pili umelipitisha mbio mbio kama mtu anayevuka barabara: kwamba huyo unayetaka tumpelekee posa kupika hajui, na wala haoni haya kusema hajui.

Hilo la pili mama yako kanikataza nisilijibu. Nitajitahidi.

Sasa hicho cha haraka. Chipsi mayai ni cha haraka, na ndicho kilichokuchosha. Ninavyokuelewa mimi, unataka kurudi nyumbani ukute nusu ya kazi imeshafanywa. Sisi zamani tulikuwa tunamkuta mke. Wewe itabidi ukute kazi yako mwenyewe ya Jumapili.

Fanya hivi. Jumapili asubuhi, ukishakunywa chai, menya kilo moja ya vitunguu maji, ukate vyembamba. Sufuria kubwa, mafuta, moto mdogo. Hapo ndipo wanaume wengi wanaposhindwa, kwa sababu kitunguu kinataka dakika ishirini na wao wana tano. Kikishaanza kuwa rangi ya chai ya maziwa, tia thomu, yaani kitunguu saumu, na tangawizi ulizotwanga, ugeuze mpaka harufu ikupande puani, kisha tungule kilo moja na nusu, hizo mnazoziita nyanya huko Dodoma. Bizari ya mchuzi kijiko kimoja, uzile (bizari nyembamba) kidogo, chumvi usitie bado. Uache. Usikorogekoroge kama unatafuta kitu kilichozama. Ukiona mafuta yamejitenga yamepanda juu, zima. Rojo hilo likipoa litie kwenye chupa yenye kifuniko, weka kwenye friji, utakula mpaka Jumatano, Alkhamisi.

Ukirudi usiku kazi iliyobaki ni ndogo. Vijiko vinne vya rojo kwenye kikaango, maji nusu kikombe, yakichemka vunja mayai matatu humo humo bila kuyakoroga, funika, hesabu dakika tano. Boflo, yaani mkate. Umeshakula. Siku ya pili dagaa wakavu: watoe vichwa, waoshe kwa maji ya moto mara mbili maana mchanga wa dagaa hauivi, wapitishe kwenye mafuta wakakamae kidogo, ndio utie rojo na ndimu. Siku nyengine chooko, hizo choroko za huko, ambazo hazitaki kulowekwa usiku kucha kama maharage. Zibandike kabla ya kuoga na kusali Isha. Wali nao, maji yapite mchele kwa pingili moja ya kidole. Yakianza kukauka shusha moto mpaka chini kabisa, funika na utie kitu kizito juu ya kifuniko, kwa sababu juu ya gesi huwezi kupalia makaa. Kukuna nazi katikati ya wiki sikushauri. Lipo tui la paketi. Nimeandika hilo mama yako akiwa uani.

Na usipandishe moto kwa ajili ya haraka. Moto ndio mpishi, mtu ni msaidizi wake. Nimekwambia hayo tangu uko skuli ya msingi unaunguza mbatata.

Hayo si maneno yangu. Mimi kupika sikufunzwa na mama yangu, nimefunzwa dago, kambi ya wavuvi. Mwaka 1983, nina miaka kumi na minane, mjomba wangu alinichukua pamoja na Wakojani, wavuvi wa kisiwa cha Kojani, tukapiga dago upande wa Tanga msimu mzima wa kaskazi. Wanaume kumi na mbili, vibanda vya makuti, mafiga matatu, na hakuna mke wa mtu hata mmoja. Mdogo wao ndiye mpishi. Siku ya kwanza nikachochea kuni kama natengeneza chokaa. Wali ukatoka chini ukoko, katikati bokoboko, juu mbichi. Mzee mmoja akachutama, akachomoa kuni mbili, akazizima mchangani, akasema: moto ndio mpishi, wewe msaidizi wake tu, usimkimbize. Hakunicheka wala hakurudia tena. Kufikia mwisho wa msimu nilikuwa napika mchuzi wa papa ambao watu wa dago la jirani walikuwa wanakuja kusalimia saa za chakula.

Na usidhani hayo ni ya dago peke yake. Harusi zetu, nani anayepika pilau kwenye masufuria ambayo mtoto anaweza kujificha ndani? Wanaume. Wanaume wale wale wanaokisia chumvi ya gunia la mchele kwa kiganja, kwao hawajui kopo la chumvi liko wapi. Ukishuka Unguja nenda Forodhani jioni utazame, wanaochoma mishkaki ni akina nani na anayekumiminia urojo ni nani. Kumbe mwanamme akipika mbele za watu, kwa pesa, ni fundi. Akipika ndani kwake, bure, ndio watu wanaulizana kapatwa na nini. Hili limenishinda kulielewa.

Au nalielewa, sitaki tu kusema. Maana wewe ulinikuta mara ngapi jikoni? Mwaka ule wa giza, tunakaa Jang'ombe, tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima haina umeme, friji letu limegeuka kabati la vikombe, mama yako kila siku sokoni kutafuta samaki wa siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa wapi? Barazani. Kupika najua, mikono ninayo, nimekaa nasubiri kuitwa kula. Kwa hiyo usinifanye mwalimu.

Sababu yake ninayo. Hadithi hii unaijua kwa upande wa bibi yako, kwa upande wangu hujaisikia.

Ulizaliwa Novemba 1997, mvua zile. Mama yako alikuwa aende kwao Mkoani kujifungua, ndiyo ada ya mimba ya kwanza, na mkoba ulishafungwa. Wewe ukatangulia wiki tatu. Siku mbili za mwanzo majirani walileta vyakula. Siku ya tatu mvua haikumwacha mtu kutoa pua nje. Mama yako njaa inamuuma, wewe unalia, na mimi nina samaki, changu wawili wa kiasi niliowapata alfajiri. Nikaingia jikoni.

Paa lilikuwa linavuja upande wa kuni, nikasogeza mafiga pembeni. Changu nikawakata vipande vitatu vitatu, nikawaosha kwa ndimu. Pilipili manga nikaitwanga nzima kwenye kile kinu kidogo, na punje tatu za thomu, na chumvi. Tungule sikutia, bizari sikutia. Mchuzi wa mzazi kazi yake ni kumtoa jasho. Nikaacha kuni moja tu ndani ya mafiga, nikakaa mbele yake kama nilivyofunzwa, mpaka mafuta ya samaki yakaanza kuelea vitone vitone. Mama yako akanywa bakuli zima. Akaomba jengine. Nikampelekea, nikarudi jikoni kutazama kilichobaki, nimesimama kifua mbele, kijana wa miaka thelathini na mbili aliyemlisha mkewe.

Ndipo bibi yako akatokea. Alitoka Mkoani tangu alfajiri, gari moja mpaka Chake, akasubiri, gari jengine mpaka Wete, na kutoka barabarani kwa miguu kwenye tope. Buibui linachuruzika maji. Hakuingia chumbani kukutazama kwanza, harufu ilimvuta jikoni. Akanikuta nimechutama, msuli kiunoni, upawa mkononi. Akafunua sufuria. Akadondosha tone kwenye kiganja, akaramba. Kisha akanyoosha mkono, na mimi nikampa ule upawa kama mtoto aliyekutwa na kisu. Akaibeba sufuria kwa ncha za kanga yake, akatoka nayo mvuani, akaenda kuimwaga kwenye shina la mgomba.

Changu wawili wale, isipokuwa alichokwisha kula mama yako.

Akarudi, akaosha sufuria, akatoa samaki wake kwenye pakacha. Akatwanga pilipili manga. Akatwanga thomu. Akatia chumvi. Mimi nilikuwa nimeshatoka jikoni, niko barazani, nasikia kinu kinavyolia, nazihesabu hatua zake moja moja. Mchuzi ule ule, mwanangu! Hakuongeza hata ndimu moja. Wala hakunitukana. Alimwambia jirani aliyekuja kuchungulia, kwa sauti ya mimi kusikia: "Mwanangu hakukosa watu."

Miaka na miaka nimekuwa nikisema alinidhulumu. Kisha nikawa nasema la, tazama upande wake: mama amechelewa siku tatu kwenye uzazi wa kwanza wa binti yake, mvua imemzuia, anafika anakuta mkwe amekaa mahali pake na kila kitu kimeshafanywa. Ningekuwa yeye labda na mimi ningemwaga. Halafu nikiwakumbuka wale changu narudi pale pale. Bibi Aisha aliulizwa Mtume, rehma na amani zimshukie, alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Akasema alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani, na ikifika sala hutoka kwenda kusali. Hadithi hiyo niliijua siku ile, niliisoma chuoni tangu mdogo. Haikunijia mdomoni. Imenijia usiku, nimelala ukumbini, na haina tena wa kumwambia.

Lile bakuli la pili je? Mama yako aliposikia sauti ya mamake uani, alilifunika kawa akalisukuma chini ya kitanda. Usiku, bibi yako keshalala, nikaingia kukutazama nikamkuta ameinama analinywa limepoa, na gamba moja la samaki limemganda kidevuni. Gamba. Sikuwapara vizuri. Basi hapo ndipo ninaposhindwa kuimaliza kesi hii, kwa sababu bibi yako alikuwa na macho, na labda hakumwaga mchuzi wa mwanamme, alimwaga mchuzi wenye magamba. Nilitaka kumuuliza. Kila Idi nilikuwa nasema nitamuuliza, mpaka akatangulia mbele ya haki.

Baada ya siku ile sikushika upawa kwa miaka mingi. Mama yako hakuniomba, na mimi sikujitolea, tukakaa hivyo kama watu wanaopishana mlangoni. Hii unayoniona sasa napika Ijumaa na Jumapili ni goti lake lililoleta, wala si akili zangu.

Haya, binti wa watu. Hajui kupika na kasema mwenyewe. Mimi ninalo la kusema, liko hapa hapa ulimini. Asiyejua akasema sijui, huyo... La, nimeshaanza. Nilikuwa nimeandika mistari miwili mizima, mama yako kapita nyuma yangu na miwani yake, kasoma, kasema "nilikwambia". Nimeikata. Lakini ukija na swali hilo hapa ana kwa ana, barazani, yeye akiwa ameenda kwa shangazi yako, hilo ni jambo jengine.

Mzigo wako nautia kwenye boti Jumatano. Mtoto wa ami yako ataupokea Dar na kuupakia basi la Dodoma, mpigie mwenyewe umjulishe. Mna kilo mbili za dagaa wa Tumbe, bizari aliyoisaga mama yako, pilipili manga nzima kwenye chupa ya asali (imeoshwa, usinuse unuse), karafuu chache, na kile kinu kidogo. Ndiyo, chenyewe. Mchi wake umepasuka kichwani, utwange taratibu. Changu huko hupati, sato atafaa. Ila mpare vizuri, pitisha kisu kutoka mkiani kwenda kichwani, na chini ya mapezi uangalie mara mbili.

Baba yako